Shangazi, barua ya kituo, na Bi Tofali

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi Zuhura, niko Columbus, na yule mnayemsikia akikoroga chai ni Athumani, yuko Dallas. Leo kaahidi hatakoroga.

ATHUMANI: Kijiko nimekiweka mbali. Endelea dada.

ZUHURA: Tulikuwa tuzungumzie nauli za Desemba. Tuziache. Jumanne Shangazi kanipigia, na mnamjua Shangazi, anaanza kugomba kabla hujasema haloo. "Zuhura, matapeli wamenipata!" Wamechukua nini? "Hawajachukua, wameandika barua. Wanasema picha zangu za matiti ni mbovu, nikapige nyingine."

ATHUMANI: Wakaomba namba ya kadi?

ZUHURA: Hawakuomba, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Anasema tapeli asiyeomba kitu siku ya kwanza ana mpango mrefu.

ATHUMANI: [anacheka] Shangazi huyu angefaa polisi.

ZUHURA: Nikaenda kwake, nikaisoma. Ni barua ya kweli. Kituo alikopiga mamogramu, yaani hiyo eksirei ya matiti, mwaka jana, ambacho sikitaji, kinamwambia picha zilizopigwa pale zimekaguliwa zikaonekana hazikufikia kiwango. Haina maana kwamba majibu aliyopewa si sahihi, lakini apige upya, au azichukue zile za zamani akazisomeshe kwingine. Shangazi akaniangalia. "Kwa hiyo saratani ninayo au sina?" Na ile barua hilo hailijibu, Athumani. Mwaka jana waliandika salama, hajambo. Leo wanasema hawajui walichokiona.

ATHUMANI: Haiwezi kujibu. Picha mbovu haikuambii unao ugonjwa wala haikuambii huna. Nieleze utaratibu kwanza?

ZUHURA: Eleza. Kwa wageni, huyu alikuwa fundi wa eksirei Tanga kabla hajaja huku kuendesha lori.

ATHUMANI: Na huku nikasomea tena, usinipunguzie. Sasa, Marekani mamogramu ina sheria yake peke yake, MQSA, sheria ya viwango vya ubora wa mamogramu, ya 1992. Tangu Oktoba 1994 kituo hakiruhusiwi kupiga mamogramu bila cheti, na cheti sharti kitundikwe mahali mgonjwa anakiona. Wakaguzi wanapita kila mwaka. Wakiingiwa na shaka juu ya picha, zinachukuliwa za wagonjwa wenyewe, zinapelekwa kwa wataalamu wa nje, mara nyingi wa American College of Radiology, chama cha madaktari wa picha, wanazisoma moja moja. Zikionekana mbaya kiasi cha kuhatarisha watu, FDA, mamlaka ya serikali ya chakula na dawa, inakiamuru kituo kiwaandikie wagonjwa na madaktari wao. Ndiyo barua ya Shangazi hiyo.

ZUHURA: Na kituo kikigoma?

ATHUMANI: Kanuni mpya zilizoanza Septemba 10, 2024 zinasema FDA yenyewe inaweza kuwaandikia, au itangaze kwenye vyombo vya habari.

ZUHURA: Haya. Sasa swali la Shangazi, maana nimetumwa: hiyo mashine ilikuwa mbovu mwaka mzima na hakuna aliyejua? Haipimwi?

ATHUMANI: Inapimwa kila wiki. Kuna kifaa cha kuipimia, tofali la plastiki, linabanwa na mashine kama titi la mtu. Unalipiga picha...

ZUHURA: Subiri. Kuna titi la plastiki?

ATHUMANI: Tofali. La akriliki. Linawakilisha titi lililobanwa hadi sentimita 4.2.

ZUHURA: Kwa hiyo kuna bibi mmoja anapigwa mamogramu kila wiki ya Mungu, halalamiki, hasemi mikono ya fundi ni baridi. Ana jina?

ATHUMANI: Hana jina, ni kifaa.

ZUHURA: Bi Tofali.

ATHUMANI: Dada Zuhura, tuna maswali matano ya wasikilizaji hapa, tumeyaandika...

ZUHURA: Bi Tofali ana nini ndani?

ATHUMANI: [anacheka] Lile la zamani lina vitu kumi na sita. Nyuzi sita, vikundi vitano vya vidoadoa mfano wa chembe za chokaa, na vivimbe vitano. Vinazidi kuwa vidogo. Kwenye picha lazima uone angalau nyuzi nne, vikundi vitatu na vivimbe vitatu. Usipoona, mashine hairuhusiwi kumpiga mtu mpaka itengenezwe.

ZUHURA: Maskini Bi Tofali, vivimbe vitano na hajawahi kupewa barua.

ATHUMANI: Ndiye mgonjwa pekee anayejulikana alichonacho kabla hajapigwa. Na kipimo cha mionzi kinapimwa kwake pia, kisizidi miligrei 3 kwa picha moja.

ZUHURA: Hapo umenipa kitu. Shangazi anaogopa mionzi kuliko ugonjwa. Ameshaniambia, "wakinirudia mara ya pili si wataniunguza?" Basi nitamwambia kuna aliyemtangulia.

ATHUMANI: Mwambie ni mionzi kidogo sana.

ZUHURA: Nitamwambia Bi Tofali hajambo. Ana mume?

ATHUMANI: Zuhura.

ZUHURA: Nauliza tu. Mwanamke anapiga mamogramu mara hamsini kwa mwaka, lazima kuna mtu anamsubiri pale nje na gari.

ATHUMANI: Anakaa kabatini.

ZUHURA: Subhanallah. Kabatini! Na wakaguzi wakija ndiye anayetolewa, anapakwa wanja, "muoneni, hajambo". Mimi bado sielewi. Kama Bi Tofali alifaulu kila wiki, Shangazi kafelije?

ATHUMANI: Ndilo swali lenyewe hilo, ingawa umelifikia kwa njia ya wanja. Tofali linapima mashine, halimpimi fundi. Tofali halina kwapa. Halina msuli wa kifua, halina bega linaloumwa, haliogopi. Unaliweka linakaa. Mtu mzima lazima umvute, umgeuze, titi lote liingie mpaka msuli wa nyuma uonekane, maana uvimbe unaweza kukaa huko nyuma au kwapani. Fundi akiwa na haraka, nusu inabaki nje ya picha. Wanaokagua picha wanaangalia mambo manane, na mkao wa titi ndio unaowaangusha wengi. Mwaka 2017 FDA ilianzisha mpango mzima, EQUIP, unaowataka wakaguzi wakiulize kila kituo: nani anakagua picha zenu hapa ndani, na anawarekebisha vipi mafundi?

ZUHURA: Kwa hiyo inawezekana mashine ni nzima kabisa.

ATHUMANI: Inawezekana. Sijui ya Shangazi ilikuwa nini.

ZUHURA: Hata yeye hajui! Barua haisemi. Ni mashine, ni fundi, ni daktari aliyesoma? Haisemi pia nani analipia picha ya pili. Na kubwa kuliko yote ni tarehe. Picha za mwaka jana, barua Jumanne hii. Siku wakaguzi walipoingiwa na shaka, kwa nini Shangazi hakuambiwa siku hiyohiyo?

ATHUMANI: Kwa sababu shaka si jibu. Lazima zisomwe kwanza. Ukimwandikia kila mwanamke aliyepita pale kwamba "huenda", halafu picha zikaonekana nzuri, umefanya nini? Umewatia hofu maelfu bure.

ZUHURA: Umewapa nafasi ya kwenda kwingine. Saratani haisubiri kamati ikae.

ATHUMANI: Dada, wewe na mimi tunawajua wamama wetu huku. Huyo Shangazi ulimbembeleza muda gani mpaka akakubali kwenda?

ZUHURA: Miaka.

ATHUMANI: Miaka. Sasa mpelekee barua ya "huenda". Harudi! Si kituo kile tu, harudi popote. Mimi nimewaona Tanga, mtu anasikia mashine imeharibika mara moja, kijiji kizima hakiji.

ZUHURA: Hawakuja kwa sababu walisikia kwa majirani, hawakusikia kwenu. New York tangu 2010 hoteli inatundika herufi yake dirishani, A, B au C, hata kama kosa ni friji. Watu wameacha kula?

ATHUMANI: Hoteli unaweza kuiruka ukala nyumbani. Hii utakula wapi? Kuna miji kituo ni kimoja tu. Na makosa mengine ya ukaguzi ni karatasi, cheti cha fundi hakimo faili. Utundike hilo mlangoni?

ZUHURA: Nitundikie. Niache mimi niamue ni karatasi au si karatasi.

ATHUMANI: Mgonjwa hawezi kupima hilo.

ZUHURA: Umeona? Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Unamfanya mtoto.

ATHUMANI: Simfanyi mtoto. Namtaka arudi.

ZUHURA: Na mimi nataka arudi akijua.

ATHUMANI: Haya.

ZUHURA: Haya nini? Umekubali?

ATHUMANI: Sijakubali. Nimenyamaza.

ZUHURA: Na mimi sijakubali, iandikwe.

ATHUMANI: Kuna orodha moja lakini, kabla hujanifukuza. Sheria inataka kila mwaka itolewe hadharani orodha ya vituo vilivyochukuliwa hatua. Mtu yeyote anaweza kuisoma.

ZUHURA: Shangazi atafute orodha ya serikali kwenye intaneti? Yule anayenipigia nimwashie televisheni?

ATHUMANI: Sikusema ni rahisi.

ZUHURA: Tumebakiwa na dakika ngapi?

ATHUMANI: Mbili. Na maswali matano hatujagusa hata moja. La kwanza linahusu...

ZUHURA: Acha la kwanza. Lile la nne, mtu anazipataje picha zake.

ATHUMANI: Picha ni haki yako. Ukiomba zile zenyewe, kituo kina siku 15 kukupa wewe au kuzipeleka unakotaka, na hawawezi kukutoza zaidi ya gharama waliyoingia. Omba kwa maandishi, weka nakala. Hili la bima liko gumu kidogo...

ZUHURA: Hutaweza kwa dakika moja.

ATHUMANI: Sitaweza. Na la msongamano wa tishu za titi ndiyo kabisa.

ZUHURA: Yaliyobaki tuyaache. Shangazi ana miadi Alhamisi, kituo kingine, mimi ndiye dereva. Kaniuliza kama na huko yupo.

ATHUMANI: Nani?

ZUHURA: Bi Tofali.

ATHUMANI: Yuko kila kituo, dada. Zima basi, nina mzigo wa kupeleka Shreveport.