Funguo za Gari Usizichukue Uwanja wa Ndege

(Mhadhara kwa wazazi na jamaa wanaojiandaa kwenda Italia kwenye mahafali ya watoto wao)

Ndugu zangu, naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mnajua nitakachosema, na nitakisema tena. Mambo ya viza, bima ya safari na barua ya mwaliko nayaruka, maana aliyefika kwenye kikao hiki ameshasumbuka nayo vya kutosha. Nimekuja kwa swali moja ninaloulizwa kila nikirudi nyumbani: tukodi gari au tupande treni?

Nami huuliza: mtalala wapi? Kama mtalala Roma, Florence, Bologna au Padova, gari ni mzigo, tena mzigo unaolipiwa kila siku. Kama mtalala kwenye nyumba ya shamba huko kwenye vilima vya mkoa wa Toscana, bila gari mtakaa mkitazamana. Safari nzuri ina vyote viwili, kila kimoja kwa siku zake. Kinachowaumiza watu ni kuchukua funguo uwanja wa ndege asubuhi ile ile waliyotua, eti kwa kuwa kaunta iko pale pale, halafu kuzirudisha siku ya kuondoka.

Nitawasimulia habari ya mzee mmoja. Walioisikia wanivumilie, kwa sababu kila mwaka hatokosekana wa kurudia kosa lake.

Ilikuwa kabla ya korona. Mzee huyu ni mstaafu, dereva mzuri, mtu aliyekwenda Dar mpaka Mwanza kwa usukani wake bila kumwachia mtu. Akaenda na mkewe kwenye mahafali ya binti yao. Akakodi gari uwanja wa ndege wa Roma, wakapanda nalo hadi mji mmoja wa Toscana ambao siutaji. Hoteli yao ilikuwa ndani ya kuta za zamani za mji. Ramani ya simu ikamwambia apinde kulia, akapinda. Pale kwenye kona palikuwa na alama ya duara, nyeupe, yenye ukingo mwekundu, na chini yake maandishi marefu kama tangazo la mnada. Nani atasoma hayo yote huku pikipiki zinampigia honi nyuma? Akapita. Siku tatu mfululizo, asubuhi anatoka, jioni anarudi. Akanipigia simu kwa furaha: "Mwanangu, huku sijaona hata trafiki mmoja!" Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, hilo gari umeliegesha wapi?" Akasema, "Hapa hapa, chini ya dirisha." Nikanyamaza.

Trafiki alikuwepo. Amefungwa juu ya nguzo, hali, halali, na huwezi kuongea naye pembeni.

Eneo lile linaitwa ZTL, yaani sehemu ya mji ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia kwa saa zilizoandikwa. Roma zipo, Florence zipo, Bologna, Pisa, Siena, karibu kila mji wenye katikati ya kale. Kamera inasoma namba ya gari na kuipeleka manispaa. Kukiwa na kibao cha taa kilichoandikwa "varco attivo", msifurahi mkadhani njia iko wazi. Hapo kamera ndiyo iko kazini. Hoteli zilizo ndani huweza kumwombea mgeni ruhusa kwa kupeleka namba ya gari lake, lakini lazima uwaambie, na uwaambie kwa wakati. Mzee hakumwambia mtu. Angemwambiaje, naye hajui kuna la kuambia?

Miezi ikapita. Siku moja benki ikamtumia ujumbe kwamba kuna euro zimekatwa. Hiyo bado si faini, jamani! Ni ada ya kampuni ya magari kwa kazi ya kuipa manispaa jina lake na anwani yake. Sheria ya Italia inawapa siku 360 za kumpelekea taarifa ya kosa mtu anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo mzee alikuwa ameshasahau hata rangi ya gari. Ndipo zikaingia barua za rejesta kwenye S.L.P., tatu kwa mkupuo, na aliyekwenda posta ni mama. Anakuta barua tatu kutoka Italia, zote kwa jina la mumewe, zote zimetoka kwa "Comune" fulani. Usiku ule nilipigiwa simu mimi, nimweleze mama kwamba Comune ni manispaa, si mwanamke.

Cheka baba, lakini kila faini moja ilikuwa zaidi ya euro themanini. Ukilipa ndani ya siku tano tangu kuipokea unapunguziwa asilimia 30, sawa, ila benki nyingi za kwetu zitakumalizia siku hizo tano kwa kukujazisha fomu.

Najua mtaniambia, "Sisi tutakuwa waangalifu." Mtakuwa waangalifu na nini? Umesafiri usiku kucha, umebadilisha ndege Addis au Doha, hujalala. Unakaa upande wa kushoto wa gari na kuendesha upande wa kulia wa barabara. Gari la bei nafuu mle kaunta mara nyingi ni la manyuo, na wengi wetu tangu tulipoagiza hizi gari za Kijapani mguu wa kushoto umestaafu. Gia unaingiza kwa mkono wa kulia. Halafu unatupwa kwenye Grande Raccordo Anulare, barabara ya mzunguko ya Roma, kilomita 68 za watu wanaojua wanakokwenda. Na hapo treni ya Leonardo Express inatoka uwanja ule ule wa Fiumicino na kukufikisha stesheni ya Termini kwa dakika 32, umekaa, mizigo iko mbele yako.

Kutoka Termini hadi Florence, treni ya kasi ni kama saa moja na nusu. Inakushusha Santa Maria Novella, stesheni iliyo katikati ya mji. Kanisa kuu unalifikia kwa miguu. Kwa gari ni karibu kilomita 280. Lipa mafuta, lipa tozo ya barabara kuu, halafu ukifika uanze kutafuta maegesho nje ya ZTL ili urudi ndani kwa tramu. Sasa gari lilikusaidia nini?

"Lakini sisi tuko watano, tiketi tano!" Hili nalisikia kila mara, na huwa najibu kwa sanduku. Watu watano kutoka kwetu, wanaokwenda kumwona mtoto, wana masanduku mangapi? Kumi, ya kilo 23, na la mwisho limefungwa kamba. Lete hayo masanduku tuyaingize kwenye kigari kidogo cha Fiat Panda, nami nitakaa pembeni nikitazama. Gari la kuwatosha ninyi na zawadi zenu si lile la bei uliyoiona kwenye tangazo. Tiketi za treni za kasi zikinunuliwa mapema hushuka sana. Za treni za mikoa bei yake haibadiliki, hata ununue dakika kumi kabla.

Sasa nilitetee gari, msije mkasema nalichukia. Pienza, Montalcino, bonde lote la Val d'Orcia huko Toscana: mabasi ni machache, Jumapili ndiyo usiseme. Mkitaka siku mbili huko baada ya mahafali, mtoto akiwa bado na taji la majani wanalovishwa wahitimu wa kule, kodini gari. Ila msilichukulie katikati ya mji. Pale Santa Maria Novella pandeni tramu ya T2 hadi uwanja wa ndege wa Florence, kama dakika ishirini. Magari yako huko, na barabara kuu iko jirani. Mnaondoka bila kuigusa ile kamera. Likirudi, lirudi huko huko. Kulikodia mji mmoja na kuliachia mwingine kuna ada yake, ulizeni kabla.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Leseni ya kimataifa ichukueni huku huku, kule hamtaipata. Dhamana ya gari mara nyingi wanataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva. Kadi ya kawaida yaweza kukataliwa mbele ya familia nzima. Piga gari picha pande zote, na paa, na rimu. Migomo ya treni ipo, hutangazwa kabla, na siku za kazi treni za mikoa zina saa za uhakika: 12 hadi 3 asubuhi, na 12 jioni hadi 3 usiku. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongeni muhuri kwenye kimashine pale jukwaani kabla ya kupanda. Konda wa kule hana "samahani, mgeni". Nilitaka kusema kuhusu Uswisi na Ujerumani, tuache.

Mama pale nyuma, umeinua mkono muda mrefu. Mjukuu? Ana miaka mitano? Ndiyo, kwenye gari lazima awe na kiti cha mtoto. Italia sheria hiyo inamhusu kila mtoto aliye chini ya sentimita 150. Kiombeni siku mnapoweka nafasi ya gari, siyo mkiwa kaunta, na muulize bei yake kwa siku.