Msingoje Miguu Ivimbe: Mhadhara kuhusu Kisukari, Albumini na Figo

Ndugu zangu, kwamba kisukari huharibu figo mnajua. Wengi humu mna mgonjwa nyumbani, na wengine mmeshazika. Hapo sikai. Nimekuja kusema habari ya albumini, na wanaonifahamu wanajua nitaisema tena kesho.

Albumini ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika maji ya damu, gramu 35 hadi 50 kwa lita. Ini huitengeneza. Inabeba mafuta, homoni na dawa, na inazuia maji yasivuje kutoka mishipani; ikipungua sana, miguu huvimba. Kazi yake nyingine hamuambiwi: albumini ni ngao. Katika mnyororo wake wa asidi amino 585, nafasi ya 34 imekaliwa na sisteini yenye salfa iliyo huru. Salfa hiyo hudaka chembe kali za oksijeni kabla hazijaunguza kuta za mishipa.

Sasa sukari imezidi. Kwanza, inanata kwenye albumini yenyewe, bila kimeng'enya chochote. Ni kemia ileile inayolipa andazi rangi ya kahawia. Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza mwaka 1912. Andazi huiva kwa dakika chache kwa sababu mafuta yanachemka. Damu ina nyuzi 37 tu, lakini albumini huzunguka humo karibu wiki tatu, usiku na mchana, na sukari inaendelea kunata. Pili, ndani ya seli za figo mitokondria, yaani vinu vyake vya nishati, hulemewa na glukosi na kumwaga chembe kali za oksijeni kuliko seli inavyoweza kuzizima. Michael Brownlee alilipanga jambo hili vizuri mwaka 2001, na wataalamu huliita msongo oksidishi. Chujio la figo linaharibika, albumini inapita kwenda kwenye mkojo, na vijifereji vinavyojaribu kuirudisha mwilini navyo vinavimba na kupata makovu. Mwili unaikojoa ngao yake wakati unapoihitaji zaidi.

Najua mtakaloniuliza, maana naulizwa kila mahali: kama adui ni oksijeni kali, si tumeze vidonge vya kuizima? Hapana! Kanada walijaribu kuwapa wagonjwa 238 wenye figo zilizoathiriwa na kisukari vitamini B kwa dozi kubwa, wakitarajia kulinda mishipa. Matokeo yakatoka mwaka 2010: waliomeza vitamini figo zao zilishuka haraka zaidi, na mshtuko wa moyo na kiharusi viliongezeka. Ikaja bardoksoloni, dawa ya kuamsha kinga ya mwili dhidi ya msongo huo. Jaribio la wagonjwa zaidi ya 2,000 lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu mioyo ilikuwa inashindwa kazi. Chembe hizi zinazalishwa ndani ya seli kila dakika sukari na presha zikiwa juu, na baadhi yake mwili unazihitaji kuua bakteria. Halafu mtu anakuja kumuuzia mama yangu unga wa kopo eti unasafisha figo! Wana majaribio gani hao? Fedha ya kopo hilo ingelipia kipimo.

Na kipimo ni hiki: albumini kwa kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) kwenye mkojo, kila mwaka, kwa kila mwenye kisukari. Albumini ikifika miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini, figo imeanza kulalamika. Msidanganywe na kijiti cha kawaida cha mkojo. Kiasi hicho kidogo hakikioni. Wala msiniambie kreatinini ya damu ni nzuri. Inaweza kubaki nzuri hata nusu ya uwezo wa figo ikiwa imekwenda. Homa, maambukizi ya mkojo au mazoezi mazito hupandisha albumini kwa muda, kwa hiyo kipimo kirudiwe: majibu mawili kati ya matatu yawe juu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, ndipo tuamini.

Naona mwenyekiti anaonyesha saa. Dawa basi, kwa haraka. Losatani, dawa ya presha, ilithibitishwa mwaka 2001 kwamba inachelewesha figo kufa. Tangu 2019 tuna ushahidi mzito wa dawa za kundi la dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, na bei yake bado inawashinda wagonjwa wengi, hilo linaniuma. Wenye selimundu, hata wanaobeba kinasaba kimoja tu, wamweleze daktari kabla ya kupima HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, maana inaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko iliyopo.

Maswali sasa. Tuanze na mama wa pale nyuma.