Kuchunga masikio bila kuyaziba

Wababa, wamama, vijana wa Goma, ninawasalimu.

Kila mahali wanashauri hivi: habari mbaya zikikuchosha, zima simu. Hapa kwetu ushauri huo haufai. Volkeno ya Nyiragongo ililipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na asubuhi ya tarehe 27 gavana akaamuru kartye (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame. Aliyezima simu angejua kupitia nani? Lakini siku mbili baadaye serikali yenyewe ilitangaza kwamba mlima Murara umelipuka. Ndege ikapita juu, ikakuta ni moshi wa watu wanaochoma makaa. Kwa hiyo kazi yetu ni kuchuja.

Tuanze na WhatsApp, maana hofu nyingi inaingilia hapo. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umekwisha kupitishwa mkono kwa mkono mara tano au zaidi. Aliyekutumia hakuona kitu. Muulize: nani aliona, avenyu gani, saa ngapi? Akikosa jibu, ujumbe uishie kwako. Ujumbe wa sauti usio na jina wala tarehe ndio mbaya kuliko yote: wa zamani unafufuliwa kila ardhi ikitikisika, na kilio cha mtu kinatuzuia kufikiri.

Kikundi cha familia usikitoke, utazua kesi nyingine. Kinyamazishe, kisha kisome mara mbili kwa siku: asubuhi ukishakula, na jioni kabla ya chakula. Kitandani hapana, kwa sababu baya unalolisoma usiku linakaa akilini na usingizi unakimbia. Acha mlio wa kupigiwa ukiwa wazi, ukubaliane na jirani mmoja kwamba jambo la haraka atapiga, hataandika. Zuia pia picha zisijipakue zenyewe. Mega zako za intaneti zitapona.

Kuhusu watu, tuwe waangalifu. Aliyefiwa au aliyekimbia vita akizungumza maumivu yake, huyo si wa kukimbiwa. Wa kupunguziwa muda ni yule anayekuja na ubaya wa wengine kila siku, na ukimpa kazi ya kufanya anaondoka. Usimfukuze. Mkutane mkiwa na shughuli, sokoni au kwenye korale (kwaya), si kwenye kiti.

Wengi wanashindwa baada ya wiki moja kwa sababu wameondoa bila kuweka. Saa uliyoinyima simu, ipe likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu), mazoezi, au mzee anayejua kazi unayotaka kujifunza.

Na kama umeshatuma uongo? Ufute kwa wote. WhatsApp inaruhusu kwa siku kama mbili hivi. Kisha andika katika kikundi hichohicho kwamba haikuwa kweli, maana waliousikia wameshawapigia ndugu zao walioko miji ya Sake na Minova.