Mstari Usiotulia: namna "A Scanner Darkly" ilivyochorwa

Tuanze na wadudu, maana filamu yenyewe inaanza nao. Charles Freck, mhusika ambaye ni teja, anajikuna. Vidukari vinamtoka kichwani, vinamtambaa mwili mzima. Anaoga, anasugua, vinarudi. Waliowahi kuwauguza mateja wanaijua hali hiyo: kokeini au amfetamini ikitumiwa sana kwa muda mrefu, mtu huhisi kitu kinatembea chini ya ngozi, akajichubua mpaka akatoka vidonda.

Sasa tazameni alichofanya mwongozaji, Richard Linklater. Vidukari vimechorwa kwa mistari ileile na rangi zilezile zilizomchora Freck na kuta za nyumba yake. Katika filamu ya kawaida jicho lako lingebaini mara moja kipi ni mtu na kipi kimebandikwa na kompyuta. Hapa huna pa kushikia. Unaona anavyoona teja.

Njia hiyo ni rotoskopu, nayo ni ya zamani: Max Fleischer alipewa hataza yake Marekani mwaka 1917. Unapiga picha za mtu halisi, kisha unachora juu yake, fremu kwa fremu. Linklater aliwapiga picha Keanu Reeves na wenzake kwa kamera za kidijitali, Austin, Texas, mwaka 2004. Filamu ilitoka 2006. Muda mwingi wa katikati hapo uliliwa na uchoraji.

Kazi ilifanyika kwa programu iitwayo Rotoshop, ya Bob Sabiston. Mchoraji anachora mstari kwa kalamu ya kidijitali kwenye fremu moja, anaruka fremu kadhaa, anauchora tena mstari uleule, na programu inajaza michoro ya katikati. Nywele zina tabaka lake, macho lake, kivuli cha pua lake. Msidhani basi kazi ni nyepesi: dakika moja ya filamu hii ilikula takriban saa 500, na filamu ina dakika 100. Piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana uhariri hukamilishwa kabla ya kuchora. Ukikata onyesho lililokwisha chorwa, umetupa jasho la watu la wiki nzima.

Kinachoharibika zaidi ni uso. Mstari wa taya ukisogea kidogo tu fremu hadi fremu, uso unachemka kama uji. Wachoraji wakiwa wengi, kila mmoja na mkono wake, mhusika mmoja anabadilika sura akivuka tu kutoka onyesho hadi onyesho. Dawa yake ni mwongozo mmoja wa unene wa mistari na idadi ya vivuli, na msimamizi mkali. Lakini mtikisiko wote usiufute! Ule mdogo unaobaki ndio unaokunyima utulivu muda wote unaotazama.

Mtihani mkubwa ulikuwa vazi la kujificha analovaa Fred, askari kanzu anayetumwa kumpeleleza Bob Arctor, yaani kujipeleleza mwenyewe. Vazi hubadilisha vipande vya nyuso na nguo za watu wengine bila kukoma: jicho la mwanamke, ndevu za mzee, tai, gauni. Kila kipande lazima kigeuke pamoja na kichwa cha mwigizaji, la sivyo kinaelea kama stika.

Kwa upande wa sayansi, Dutu D, dawa ya kulevya ya kubuni katika hadithi hii, inatenganisha nusu mbili za ubongo mpaka Arctor hajui kuwa yeye ndiye Fred. Philip K. Dick, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, iliyochapishwa mwaka 1977, aliijua mijadala ya wakati ule kuhusu wagonjwa waliokatwa daraja la neva kati ya nusu hizo ili kutuliza kifafa. Hakuna dawa ya kulevya inayojulikana kufanya hivyo. Kilicho kweli ni yale mabishano ya wahusika kuhusu gia za baiskeli: wanajumlisha za mbele na za nyuma badala ya kuzidisha, kisha wanahisi wameibiwa.

Kwa zoezi la leo, chukueni sekunde 5 tu. Kwa kiwango chao hizo ni kama saa 42 za kazi, kwa hiyo chagueni mwigizaji asiye na ndevu, mwenye shati lisilo na mistari, na mpigeni picha kwenye mwanga wa upande mmoja ili mpaka wa kivuli uonekane.