Msimtazame Rais peke yake: James Bryce na Seneti ya Marekani

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, asanteni.

Nitasema jambo ambalo nimelisema kwenye kumbi nyingi, na nitalisema tena mpaka liingie. Tunaisoma Marekani vibaya. Kila baada ya miaka minne tunakesha tukihesabu kura za Pennsylvania na Georgia. Tunamjua Rais, mkewe na wanawe, hata anakocheza gofu. Lakini nikiuliza darasani ni nani mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, kimya. Na hao ni watu wa shahada ya uhusiano wa kimataifa!

Ndiyo maana leo nawarudisha kwa James Bryce, mzaliwa wa Belfast, profesa wa sheria pale Oxford na mbunge katika Bunge la Uingereza, aliyetoa The American Commonwealth mwaka 1888, juzuu tatu. Wasifu wake mtausoma wenyewe. Ninachotaka mkione ni namna alivyofanya kazi. Anasimulia mwenyewe katika dibaji kwamba safari yake ya kwanza, mwaka 1870, ilimrudisha nyumbani na kundi zima la hukumu za kijasiri kuhusu Marekani. Baada ya safari ya 1881 akatupa nusu yake. Katika nusu iliyobaki, nyingine akaziacha ndani ya Atlantiki akirudi kutoka safari ya tatu, ya 1883 hadi 1884. Leo mtu anatazama mdahalo mmoja wa televisheni usiku, asubuhi anatuandikia makala ya kurasa mbili kwamba Marekani imekwisha.

Sura inayotajwa sana ni ile anayouliza kwa nini watu wakubwa hawachaguliwi kuwa marais. Jibu lake: vyama humtaka mgombea anayeweza kushinda, na mtu mwenye jina kubwa ana maadui wengi. Wasomaji wengi huishia hapo, wakafunga kitabu. Wanaikosa Seneti! Bryce alieleza kwa makini kwamba Rais anaweza kujadiliana na dunia nzima, akakubaliana na dunia nzima, lakini mkataba haupiti bila theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Maana yake, theluthi moja na mtu mmoja wanatosha kuuzuia.

Sasa hapa nataka tukae kidogo, maana historia ilimpa Bryce mtihani juu ya kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1907 Uingereza ilimtuma Washington awe balozi. Alianza vizuri: Januari 1909 yeye na Elihu Root, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wakati huo, walitia saini mkataba wa maji ya mpakani baina ya Marekani na Kanada, ambao unafanya kazi hadi leo. Kisha tarehe 3 Agosti 1911, yeye na Waziri wa Mambo ya Nje wa baadaye, Philander Knox, wakatia saini mkataba wa usuluhishi baina ya Uingereza na Marekani. Rais Taft aliutaka kwa moyo wote. Ugomvi wowote unaoweza kuamuliwa kisheria upelekwe kwa wasuluhishi. Na nchi mbili zikibishana kama ugomvi fulani ni wa aina hiyo, tume ya watu sita, watatu kila upande, iamue.

Tazameni Seneti ilivyofanya. Mkataba ukawa kama nyanya zilizopita mikononi mwa wachuuzi watano kabla ya kufika sokoni. Kipengele cha tume kikaondolewa, kwa hoja kwamba hakuna tume itakayoiamulia Seneti. Halafu zikaja nyongeza. Uhamiaji hausuluhishwi. Wageni kuingia katika shule za majimbo, hapana. Msimamo wa Monroe, ule wa kuzikataza dola za Ulaya kuingilia mabara ya Amerika, hapana. Na hii ndiyo ninayowaomba muiandike: madeni ya majimbo, hapana! Kwa nini madeni? Kwa sababu majimbo ya Kusini yalikuwa yamekataa kulipa hati za mkopo za karne ya 19, na baadhi ya hati hizo zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Seneta wa Kusini hakuwa akifikiria amani ya dunia. Alifikiria hazina ya jimbo lake na wapiga kura wake. Machi 1912 kilichobaki kikapitishwa kwa kura 76 dhidi ya 3, na Taft akakiacha kikafa. Wala wale maseneta hawakuwa wendawazimu. Walifanya kile ambacho Katiba inawaruhusu, na Bryce alikuwa amekieleza zaidi ya miaka ishirini kabla.

Woodrow Wilson alijua haya. Akiwa profesa kijana, mwaka 1889, alikihakiki kitabu cha Bryce. Alikisoma, akakipima, akakiandikia! Miaka thelathini baadaye, akiwa Rais, akarudi kutoka Paris na Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambao ndani yake mlikuwa na Shirikisho la Mataifa, na hakutaka masharti yoyote ya Seneti. Henry Cabot Lodge, ambaye mwaka 1911 alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele kuubomoa ule wa usuluhishi, sasa alikuwa mwenyekiti wa ile Kamati ya Mambo ya Nje. Aliusoma mkataba mzima kwa sauti, wiki mbili. Tarehe 19 Machi 1920 kura zilikuwa 49 kwa 35. Zilipungua saba.

Kura saba hizo zinatuhusu sisi. Shirikisho la Mataifa ndilo lililoiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Uingereza. Marekani ilikuwa nje ya Shirikisho, kwa hiyo mwaka 1925 Uingereza ikalazimika kufanya nayo mkataba wa pembeni, ili raia wa Marekani wapate hapa haki walizokuwa nazo raia wa nchi wanachama. Kabwela wa Tabora aliandikiwa mkataba kwa sababu ya ugomvi wa Washington ambao hakuwahi kuusikia.

Najua mnachotaka kuniambia. Hayo ya zamani, mwalimu. Januari 2025 Rais alisimamisha misaada kwa kalamu moja, na zahanati zetu zikatikisika. Kweli kabisa, na uchungu wake tunaujua. Lakini malizieni habari. Julai mwaka huo huo, Bunge la Marekani lilipoletewa muswada wa kufuta fedha zilizokwisha kuidhinishwa, Seneti iliuondoa mpango wa kukata dola milioni 400 za PEPFAR, mfuko wao wa kupambana na UKIMWI. Nani aliandika barua kwa maseneta hao? Nani kwetu aliyajua majina yao? AGOA nayo, ya kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, ni sheria ya Bunge hilo, ya mwaka 2000. Wenye viwanda vya nguo Kenya wanajua hilo kuliko sisi wa vyuoni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Vyama, magazeti, ugomvi wa ushuru wa mfereji wa Panama: naviacha. Moja siliachi. Bryce alikuwa mtu wa dola la kikoloni, na aliandika kwamba kuwapa kura Weusi walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani lilikuwa kosa. Alikosea vibaya, na maneno yake yalitumiwa Afrika Kusini na Australia kuwanyima watu haki. Aliwahoji majaji na wahariri kwa mamia. Weusi wa Kusini hakuwasikiliza hivyo. Msomeni mkiwa na hilo mkononi.

Karibuni kwa maswali. Mwenye swali la Panama aanze.