Levi ya mafuta tunalipa, gati na ukuta wa bahari tunaombea misaada

Asalaam aleikum. Shukran kwa kuja, na nyinyi mliosimama huko nyuma sogeeni, nafasi ipo hapa mbele. Nitaanza na petroli, najua wengine mshanisikia nikilisema hili na mtalisikia tena, manake bado hatujajibiwa.

Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina levi ya matengenezo ya barabara ndani yake. Ilikuwa shilingi 18, tangu Julai 2024 ni shilingi 25. Haya, hapa Amu, mji wetu wa Lamu, nani ananunua petroli? Magari hatuna ya kuhesabu. Ni boti! Ni yule wa Mokowe anayevusha watu kutwa, ni wa Shela, ni wa Matondoni, ni mvuvi wa Kizingitini anayetia lita 20 kabla hajaona samaki hata mmoja, hapo ashalipa shilingi 500 za barabara na barabara yake ni maji. Hizo 500 zinakwenda kupiga lami bara. Sisemi bara wasipate lami, na wapate, lami ya kutoka Garsen hadi huku tunaipita sote na tumeifurahia. Lakini nauliza, njia ya huyu mvuvi ni ipi? Ni gati. Ni ngazi za ukuta wa bahari anaposhusha mzigo. Ni kichochoro ambacho punda anapita na ndoo za samaki mpaka sokoni. Na hivyo vyote ni vya kale, vimo ndani ya mji ambao UNESCO iliutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na vikibomoka tunaambiwa subirini mfadhili.

Sasa kuna mtu ataniambia mwalimu, boti ni boti na barabara ni barabara, huwezi kuchanganya. Marekani walichanganya zamani! Wao wana kodi ya mafuta ya serikali kuu, senti 18.4 kwa galoni, haijabadilika tangu 1993. Waliona kitambo kwamba sehemu ya yale mafuta inachomwa na boti, wakakadiria ni kiasi gani, na tangu 1984 sehemu hiyo inatolewa kwenye mfuko wa barabara inapelekwa mfuko mwengine wa samaki na boti, ndio unaojenga vishukio na mahali pa kufunga boti. Hawakumtaka mwenye boti alete risiti, wao serikali ndio waliopiga hesabu. Sisi tunashindwa na nini kupiga hesabu ya sheli ngapi ziko visiwani na zinauza lita ngapi? Kila mwezi hesabu hiyo iko kwa mwenye sheli, kodi amelipia.

Hilo ni la boti. La pili ndilo lililonileta hasa. Mwaka 1991 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya usafiri, wenyewe wanaiita ISTEA, na ndani yake wakasema kila jimbo litenge asilimia 10 ya fungu moja kubwa la pesa za barabara kwa mambo yanayozunguka usafiri: njia za miguu, za baiskeli, reli zilizokufa zigeuzwe njia za watu, na ukarabati wa majengo ya kihistoria ya usafiri. Stesheni za treni zilizokuwa zimeezuka mapaa, madaraja, mifereji, minara ya taa. Mwaka 1998 wakaongeza hata mpango wa peke yake wa yale madaraja yao ya mbao yenye mapaa. Daraja la mbao! Na pesa imetoka wizara ya usafiri, haikutoka kwa makumbusho.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Sisi kila kitu cha zamani kikivunjika tunaitazama Makumbusho ya Taifa. Wao wana sheria yao ya 2006 na kazi yao naiheshimu, lakini fungu lao ni dogo na wana maeneo nchi nzima, wana Gede ambayo imeingia urithi wa dunia 2024, wana ile nguzo ya Vasco da Gama Malindi inayoliwa na bahari, wana Ngome hii hii. Ukuta wa bahari ukipasuka kwa maji ya bamvua ukawapelekea wao, unawaonea. Ukuta ule ni kazi ya usafiri. Hii Ngome ilipojengwa, 1813 hadi 1821, ilikuwa pwani kabisa, mbele yake maji, ardhi mnayoitembea leo kwenda gatini ilijazwa baadaye. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, ni barabara kuliko barabara nyingi zilizo kwenye ramani za serikali, imebeba watu na mizigo karne kwa karne. Kwani barabara ni mpaka ipite lori?

Msinielewe vibaya, sisemi kila nyumba ya mawe ipewe pesa za usafiri. Kule Marekani nako walikataa hilo. Kanuni ilikuwa jengo liwe na uhusiano wa kweli na usafiri, kupakana na barabara tu hakutoshi, la sivyo kila mtu angeleta nyumba ya babu yake. Kwetu gati linaingia, ukuta unaingia, ngazi, vichochoro vya punda na mitaro yake vinaingia. Nyumba yako ya Mkomani haiingii, samahani, hata ikiwa na zidaka nzuri namna gani.

Na yule atakayesema pesa italiwa, namjibu. Kule hupewi pesa mkononi. Serikali kuu inatoa kama asilimia 80, wewe mji au jimbo unatafuta 20, halafu unafanya kazi kwanza, unalipa, ndio unarudishiwa kwa hati. Vitaliwa vipi vilivyokwisha kujengwa? Ubaya wake nao upo, mji mdogo usio na pesa ya kutanguliza unakwama, na sisi tungekwama, kwa hivyo hapo tubadilishe, kaunti itangulize. Na kazi za majengo ya kale zinafuata viwango vya kukarabati mambo ya kale. Hili kwetu ndilo roho ya jambo! Akija kontrakta wa barabara na saruji yake akaipaka juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, jiwe linaoza ukiliona zuri kwa nje. Chokaa inapumua. Mafundi wa chokaa tunao, wako Langoni hapo, tenda iandikwe chokaa, basi.

Wataniambia pia Marekani yenyewe ilipunguza. Kweli, 2012 mpango uliunganishwa na mingine na pesa ikapungua, makumbusho ya usafiri yakatolewa. Lakini ukarabati wa vitu vya usafiri ulibaki, na sheria ya 2021 ikairudisha asilimia 10.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kusema la mradi wa bandari mpya ya Lamu na hukumu ya Mahakama Kuu Malindi ya 2018, ambapo majaji walisema mradi ule uligusa hata haki yetu ya utamaduni, na wavuvi walivyosumbuka baada ya hapo, itabidi tuliache. La bodaboda mjini pia tuliache, tukilifungua hapa hatutoki leo.

Moja tu la kazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti usafiri wa kaunti, na humo ndani yamo vivuko na bandari, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Kwa hivyo msikubali kuambiwa gati si letu. Kikao cha maoni ya bajeti kikitangazwa njooni wenye boti, wenye punda na mafundi wa chokaa, kila mmoja na karatasi yake, tudai mstari mmoja kwenye bajeti ya usafiri wa ukuta, gati na vichochoro, na barua kwa wabunge wetu juu ya levi ya boti. Barua nishaiandika, iko pale mezani, mwenye kalamu atie saini kabla hajatoka. Haya, maswali.