Kapeti Uliyoikuta na Kapeti Unayoiacha

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na wanangu, assalamu alaykum na habari za jioni. Nawashukuru mmekuja na mvua hii yote.

Nianze na karatasi. Hii hapa mkononi, imeshakuwa ya manjano kwa kukaa kwenye mkoba. Ni hesabu niliyopewa na wakala mmoja wa kupangisha nyumba hapa London mwaka 2014, siku tulipohama nyumba yetu ya kwanza ya kupanga. Mstari wa pili unasema: kusafisha kapeti, vyumba viwili na ngazi, pauni 165. Tulikaa nyumba ile miaka minne. Mnajua tunavyoishi sisi, viatu vinaishia mlangoni. Wanangu walikuwa wakilala mchana juu ya kapeti ile ile, na kila Jumamosi napiga huva, ile mashine ya kufyonza vumbi, mpaka chini ya vitanda. Nikamuuliza wakala, uchafu uko wapi, baba? Hakunijibu. Alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu kinachosema mpangaji akihama atalipia kampuni ya kusafisha kapeti. Kapeti yenyewe hata hakuiinamia. Mume wangu akasema tuwaachie, tusije tukanyimwa barua ya kutusifia kwa mwenye nyumba mpya. Tukawaachia.

Nimeihifadhi karatasi hii kwa sababu wengi wenu mmelipa kama nilivyolipa, na bado wapo wanaolipa leo, wakati sheria imeshageuka. Kwa hiyo ninalotaka kulieleza jioni hii ni hili: mpangaji anadaiwa usafi, hadaiwi risiti ya kampuni. Anayerudisha kapeti ikiwa safi kama alivyoikuta hana deni. Aliyeiharibu analo, na alilipe.

Kwanza sheria, maana ndiyo fupi. Hapa England kuna sheria inayoitwa Tenant Fees Act, yaani sheria ya ada za wapangaji, ya mwaka 2019. Ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa mikataba mipya, na kuanzia tarehe 1 Juni 2020 ikashika mikataba yote, hata ile ya zamani yenye vifungu kama kile changu. Imeorodhesha malipo ambayo mwenye nyumba au wakala anaruhusiwa kumtoza mpangaji: kodi, dipoziti, ufunguo uliopotea, na machache mengine. Lisilokuwemo kwenye orodha ni marufuku. Ada ya kusafisha nyumba mtu anapohama haimo. Basi wakala hawezi kukulazimisha ulete kampuni, wala kukuchagulia kampuni yake, wala kukudai risiti. Anachoweza kudai ni matokeo: nyumba iwe safi kwa kiwango ulichoikuta. Ukiisafisha mwenyewe kwa mikono yako, ukaja na dada yako mkafanya usiku kucha, ni halali. Na anayevunja sheria hiyo, faini ya kosa la kwanza inaweza kufika pauni 5,000, na anayeitoza ni halmashauri. Wenzetu wa Wales wana sheria yao, ilianza Septemba mwaka huo huo wa 2019, na Scotland wana yao. Waulize huko huko.

Sasa dipoziti, ile pesa ya dhamana unayompa mwenye nyumba unapoingia. Nyumbani tunaiita pia amana, na mimi nalipenda neno hilo kwa sababu linasema ukweli wa jambo. Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Haijawa yake. Tangu tarehe 6 Aprili 2007, mwenye nyumba anayepangisha kwa mkataba wa kawaida hapa England lazima aiandikishe amana yako kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali. Iko mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Ana siku 30 tangu aipokee. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kuanzia mara moja hadi mara tatu ya kiasi chenyewe. Na kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000, haruhusiwi kuchukua zaidi ya kodi ya wiki tano.

Mkigombana juu ya kapeti, mfuko una mwamuzi, na huduma yake ni bure. Hakuna wakili, hakuna kusimama kizimbani, anasoma karatasi na picha za pande mbili. Tena shikeni hili kwa mikono miwili: anayetakiwa kuthibitisha ni mwenye nyumba. Pesa inahesabiwa kuwa ni yako mpaka yeye aonyeshe kwa nini aikate. Mimi mwaka ule sikujua. Nilidhani ni juu yangu kuthibitisha kwamba si mchafu, jambo ambalo lilinidhalilisha kuliko hizo pauni 165. Laiti ningepeleka malalamiko, wakala angeulizwa swali moja tu: ilikuwaje siku walipoingia?

Hapo ndipo watu wetu wanapoanguka. Tunahangaikia siku ya kutoka, na kesi imeshaamuliwa siku ya kuingia. Siku ile umechoka, una masanduku, watoto wanalia, wakala anakupa makaratasi ya inventori, yaani orodha ya vitu vya nyumba na hali yake, kurasa ishirini, anasema weka sahihi hapa na hapa. Unaweka. Baadaye ukiyasoma unakuta yameandikwa: kapeti ya sebule, safi, haina doa. Na wewe unakumbuka vizuri kulikuwa na doa la chai karibu na dirisha, ukaliwekea kiti. Miaka mitatu baadaye doa lile ni lako. Mwamuzi hawezi kuona kumbukumbu yako, anaona sahihi yako.

Kwa hiyo usiweke sahihi pale pale. Wengi wanakupa siku kadhaa za kuisoma na kuirudisha na marekebisho, omba hizo siku. Piga picha. Usipige chumba kizima kutoka mlangoni, haisaidii. Piga kona, piga chini ya radieta ile ya kupasha chumba joto, piga mlangoni ambapo miguu mingi inapita, piga ngazi moja moja. Weka sarafu kando ya doa ili ukubwa wake uonekane. Halafu zitume kwa wakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo, ili tarehe ijihifadhi yenyewe.

Naam, mama, nimeuona mkono wako. Mama anauliza: na kapeti ikichakaa je? Miaka mitano unaikanyaga, itabaki mpya?

Haitabaki, na sheria hailazimishi ibaki. Kuna uchakavu wa kawaida. Nyuzi zinalala pale mnapopita kwenda jikoni, rangi inafifia dirishani kwa jua, miguu ya kochi inaacha mashimo. Hayo hulipii, kodi yako ya kila mwezi imeshayalipia. Lakini tusichanganye uchakavu na uchafu. Kapeti inaweza kuwa chakavu na safi. Mchuzi uliomwagika, mafuta, wino wa mtoto, hina iliyodondoka usiku wa harusi, hayo si uchakavu. Mwamuzi hatakuhesabia miaka yako mitano kuwa ruhusa ya kuiacha na mchuzi.

Hapa niseme na sisi wenyewe, maana haki bila ukweli haifiki mbali. Rafiki yangu mmoja, na amenipa ruhusa nilisimulie hili bila jina lake, usiku wa kuamkia Idi alikuwa akifukiza udi. Chetezo kiko sakafuni, mtoto akapita mbio, kaa moja likaruka. Moja tu. Kapeti nyingi za nyumba za kupanga hapa ni za nyuzi za plastiki, kwa hiyo kaa likigusa nyuzi zinayeyuka. Mpaka analiokota kwa kijiko, limeacha shimo ukubwa wa sarafu ya pauni, kingo zake ngumu kama gamba, nyeusi. Akaliwekea stuli juu. Stuli ile ilikaa pale miaka miwili, wageni wakiisogeza anairudisha. Aliniambia kila akitandika mswala chumbani mle roho inamsuta.

Alipokaribia kuhama akanipigia, akataka nimwambie kama hilo ni uchakavu wa kawaida. Nikamwambia hapana, dada yangu, hilo ni lako. Lakini deni lako lina kipimo. Mwenye nyumba hana haki ya kukudai kapeti mpya kwa shimo moja kwenye kapeti kuukuu. Tuseme kapeti ya chumba ilinunuliwa kwa pauni 600 na inatarajiwa kudumu miaka 8. Wewe unahama ikiwa na miaka 6. Iliyobaki ni miaka 2 kati ya 8, yaani robo, yaani pauni 150. Hata kama imeharibika yote, hapo ndipo hesabu inapofika. Na kabla ya kufika huko mtu anatakiwa kujiuliza kama inatengenezeka.

Yake ilitengenezeka. Tulimleta fundi wa kapeti. Akafungua kabati la ukutani, akakata kipande cha mraba kutoka kule ndani nyuma ambako hakuna mtu anayetazama, akakata mraba kama ule pale penye shimo, akapachika, akakandamiza na gundi, akazichana nyuzi kwa brashi mpaka zikaelekea upande mmoja. Pauni 60. Rafiki yangu alikwishamwandikia mwenye nyumba kabla fundi hajaja, akamweleza kila kitu pamoja na udi, na mwenye nyumba akakubali. Amana yake alirudishiwa yote.

Nataka muelewe kwa nini namsifu. Angeweza kukaa kimya, akatumaini hawataona. Wangeona, wangeleta hesabu ya mamia ya pauni, na angekwenda kwa mwamuzi akiwa mtu aliyeficha. Kwa sababu alisema mapema, alichagua fundi mwenyewe na bei aliijua.

Kuhusu madoa, haraka: bizari ya manjano ndiyo adui yetu mkubwa. Biriani ikimwagika usisugue, kusugua kunaisukuma rangi iingie ndani. Okota vitu vigumu kwa kijiko, kandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu, inua, geuza upande, kandamiza tena. Mashine za kusafishia kapeti zinakodishwa kwenye maduka makubwa kwa siku. Zinanyunyiza maji moto na dawa halafu zinayafyonza. Pitisha mara mbili, fungua madirisha, na usiifanye usiku wa mwisho. Ukikabidhi nyumba kapeti ikiwa mbichi inanuka unyevu, na wakala atauandika huo unyevu.

Najua humu ukumbini wamo wenye nyumba pia, wengine ni wazee tunaowaheshimu. Mzee mmoja aliniambia mlangoni: binti yangu, mpangaji mpya hakubali kapeti iliyokanyagwa, nani ataisafisha? Mzee wangu, kwa heshima zote, utaisafisha wewe. Kuiandaa nyumba kwa mpangaji anayekuja ni kazi ya biashara yako, na gharama ya usafi unaikata kwenye hesabu yako ya kodi ya mapato. Anayeondoka alipewa kapeti ya kiwango fulani, akirudisha ya kiwango hicho mmemalizana. Ukitaka irudi imeng'arishwa na mashine, basi mpe imeng'arishwa na mashine, na ubaki na risiti yako na picha zako. Hapo hata mimi nitasimama upande wako, maana usafi aliouchukua ndio anaoudaiwa.

Vijana mnaopanga chumba ndani ya nyumba ya familia, mkishirikiana nayo jiko na choo, nanyi nina neno. Sheria ile ya mifuko ya amana kwa kawaida haiwafikii. Marufuku ya ada inawafikia, lakini pesa mliyompa mama mwenye nyumba iko kwenye pochi yake. Andikishianeni, hata kwa ujumbe wa simu: nimekupa kiasi hiki, tarehe hii, kwa ajili ya hili. Msione haya kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Nimeona jamaa waliokuwa wakifuturu pamoja wakaacha kusalimiana kwa pauni 200 ambazo hakuna aliyeziandika.

Swali la mwisho, kijana wa mlangoni. Anahama Jumamosi, wakala ameshamtumia ujumbe kwamba atakatwa pauni 190 za kapeti, na picha za kuingia hana.

Usikate tamaa, mwanangu. Picha huna wewe, lakini je, wao wanazo? Mwandikie leo usiku. Mwombe inventori ya siku uliyoingia na picha zake, na umuulize kwa adabu uchafu uko sehemu gani ya kapeti, kwa kuwa nyumba bado hajaikagua. Akikutajia kifungu cha mkataba, mjibu kwamba sheria ya 2019 haimruhusu. Kesho kakodi mashine, fanya kazi yako asubuhi ili kapeti ipate siku nzima ya kukauka. Ijumaa jioni, vyombo vyote vikiwa nje, piga picha kila ukuta kwa ukuta, taa zikiwa zinawaka. Tafuta namba ya amana yako, ujue iko mfuko gani kati ya ile mitatu. Jumamosi usiache funguo kwenye kisanduku cha barua ukaondoka. Mpe mtu mkononi, aandike amezipokea saa ngapi. Halafu ombi la kurudishiwa dipoziti lipeleke kwenye mfuko kwa kiasi chote, usitoe hizo 190 mwenyewe. Atakayetaka kukata ndiye aseme kwa nini.

Ukikwama, namba yangu unayo. Chai iko tayari kule nyuma, na vitumbua alivyopika Mama Zuhura bado vina moto.